Paka Mwenye Barua ya Mshauri

Jumapili, 31 Agosti 2025

Clara kaja kutoka Houston. Kesho ni sikukuu ya wafanyakazi huku Marekani, chuo kimefungwa. Mimi naingia kazini kama kawaida. Sikukuu ya wafanyakazi, na wafanyakazi tupo ghalani! Kigen anasema sikukuu ni ya wale wanaotupangia shifti. Kigen ni Mkenya, tunaendesha foko, gari la kunyanyulia mizigo, ghala moja na tunakaa apatimenti moja hapa Grand Prairie. Ana mdomo. Anapika ugali mgumu kama tofali na anataka usifiwe.

Nimepika ndizi kwa maharage. Clara kala sahani mbili. Nilikuwa namwangalia kwa pembeni kila kijiko kinavyopanda. Tangu mwezi wa tatu nimekuwa mtu wa kuangalia vijiko.

Mwezi wa tatu aliugua. Sijui niandike nini zaidi ya hapo. Alikaa siku tisa chumbani kwake bwenini, hali, haongei, haendi darasani. Mitihani miwili ikampita. Wakampeleka kwa mshauri wa wanafunzi. Mshauri akamsikiliza wiki nyingi, mwisho akamwandikia barua: aruhusiwe kukaa na paka bwenini. Paka! Mimi nilikuwa nategemea vidonge.

Lakini paka alikuja mwezi wa tano, na Clara akaanza kuamka asubuhi kwa sababu paka anataka kula. Akishaamka, anaoga. Akishaoga, anaona aende tu darasani. Sasa yuko mwaka wa pili.

Anamwita Senene, kwa kuwa ana rangi ile ya senene, panzi wa kwetu, aliyekaangwa na anarukaruka. Nimemwambia, mwanangu, senene sisi tunakula. Kacheka mpaka kakohoa.

Mama yake, Apolonia, yuko nyumbani kijijini, Kamachumu. Habari za mwezi wa tatu hana. Nilimwambia tu Clara anafuga paka chuoni. Akauliza, kwani huko kuna panya?

Clara kaleta fomu ya ofisi ya makazi ya chuo. Kurasa nne. "Baba, saini hapa, ni mambo ya paka." Nimesaini. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu ni cha ghalani: juu, chini, simama, haraka. Cha kurasa nne sina.


Jumatatu, 1 Septemba

Joto. Nimerudi mgongo umekufa.

Kigen kaikuta nakala ya fomu juu ya friji, kaisoma yote, huku anacheka peke yake kama mwehu. "Mzee, unajua umesaini nini? Wewe ndiye mlezi wa paka!"

Kumbe kila mnyama wa namna hiyo lazima awe na mtu wa nje ya chuo. Mwenyewe akiugua, au mnyama akivunja sheria, yule mtu wa nje anapigiwa simu na ana saa ishirini na nne za kwenda kumchukua. Huyo mtu ni mimi. Toka hapa mpaka Houston ni saa nne za barabara kuu.

Kigen ananiita Babu Paka. Kashawaambia wenzetu wote ghalani.


Ijumaa, 12 Septemba

Wamepiga!

Nilikuwa juu ya foko, paleti ya maji ya chupa iko hewani. Sauti ya mwanamke, mpole sana. Sikuelewa chochote ila "Clara" na "cat". Nikashusha paleti, nikakimbia kumtafuta Kigen anitafsirie. Nilifikiri ni mwezi wa tatu tena.

Kumbe ni paka. Kengele ya moto ililia bwenini, watu wakatoka, Senene akapita katikati ya miguu yao akaenda kulala kwenye kikapu cha nguo safi za mtu, chumba cha kufulia. Mwenye nguo kashtaki. Sheria inasema paka wa faraja, ndivyo wanavyowaita wa namna hii, asitoke chumbani isipokuwa ndani ya kikapu chake chenye mlango. Basi kapewa adhabu: siku nane nje ya chuo. Kosa la pili, ruhusa inafutwa na paka harudi tena.

Wanamfukuza paka chuo! Apolonia alinisimulia juzi mtoto wa jirani kafukuzwa shule kwa utoro. Ningemwambia na huyu, asingeamini.

Clara kwenye simu alikuwa anaongea taratibu. Taratibu mno. "Baba, utakuja, si ndiyo?" Nikasema nakuja kesho alfajiri.


Jumamosi, 13 Septemba

Houston na kurudi. Najikaza niandike.

Bwenini mapokezi kuna mama mmoja wa Kikongo, Matumaini, anakaa mtaa wa Gulfton. Nilipompigia Clara simu kwa Kiswahili, mama huyo akaruka kwenye kiti. "Papa! Ile ni Kiswahili ya Tanzania, ya kitabu!" Nikamwambia na chake ni cha wapi, cha msituni? Akapiga meza kwa kucheka. Tukawa ndugu hapohapo.

Wakati namsubiri Clara akapita kijana na mbwa mkubwa mweusi aliyevalishwa fulana. Nikanyoosha mkono nimguse. Matumaini akanishika mkono. "Hapana, papa! Ile mbwa iko kazini." Kanifundisha. Mbwa wa huduma amesomea kazi: anamwongoza asiyeona, au anamwamsha mtu kabla kifafa hakijamwangusha. Huyo anaingia popote, darasani, mpaka chumba cha kulia. Wafanyakazi wanaruhusiwa kumuuliza mwenyewe maswali mawili tu: unamhitaji kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kazi gani? Basi. Ugonjwa wenyewe hawamwulizi.

Maswali mawili! Mimi uwanja wa ndege waliniuliza saa mbili nzima, na kazi ninayo.

Paka wa faraja hana shule. Kazi yake ni kuwepo. Ndiyo maana hana haki za yule mbwa, anaishi chumbani tu, kwa barua. Nikamwambia Matumaini, kazi ya kuwepo tu na chakula juu, waulize kama wanaajiri na wazee. Akasema, papa, weye utashindwa, unasema sana.

Clara kashuka na kikapu. Macho mekundu. Kampa paka maelekezo mengi kuliko aliyonipa mimi. Nilipowasha gari alibaki kasimama pale kwenye maegesho, mikono ameikunjia tumboni. Nimemwona kwenye kioo mpaka nikapinda kona.

Paka kalia mpaka nusu ya njia. Nikamwimbia wimbo wa kanisani. Akanyamaza. Sijui kama aliupenda au alikata tamaa.


Jumatatu, 15 Septemba

Huyu paka ana dharau. Nimemwekea samaki, kamnusa tu na kuondoka. Kalala kwenye fulana yangu ya reflekta ya kazini, leo nimeingia kazini nina manyoya kama kondoo. Supavaiza kaniuliza kama nimefuga. Kigen kamjibu, "Ni mjukuu wake."

Kigen anajifanya hamtaki. Nimemkuta sebuleni anamwambia Senene habari za mchumba wake wa Eldoret asiyepokea simu. Paka anasikiliza, jicho moja kalifumba. Aliponiona akasema alikuwa anafanya mazoezi ya kuongea.

Nimepiga simu kwa Clara saa moja jioni. Hakupokea. Saa mbili kapokea. Anasema alilala mchana. Kala? Kala. Kala nini? "Baba, nimekula."


Alhamisi, 18 Septemba

Clara hakwenda darasani leo wala jana. Kasema mwenyewe, sikumuuliza. Nimempelekea picha ya Senene amelala ndani ya kofia yangu ngumu ya kazini. Kajibu kwa kicheko cha kuandika, hahaha. Baada ya dakika kumi kaandika: "Keshokutwa mapema Baba, please."

Nilikuwa nadhani paka ni mchezo wa watoto wa huku. Wiki hii nimeona. Paka yuko kwangu na mtoto anazama.


Jumamosi, 20 Septemba

Nimemrudisha! Saa tatu asubuhi nilishafika. Clara kaja mbio na ndala, kamtoa paka, kaingiza uso kwenye manyoya, kakaa hivyo. Halafu kanisalimia mimi. Sawa tu. Mchana tumekula wali kwa kuku pale mgahawani, kamaliza.

Safari hii mapokezi alikuwepo mkuu wa bweni mwenyewe, mama wa Kimarekani mrefu, miwani shingoni. Matumaini kanitambulisha, huyu ndiye papa ya Clara. Mama kanipa mkono, kauliza Clara anaendeleaje. Nikapandisha suruali, nikamjibu kwa Kiingereza changu chote. Nikamwambia Clara ni mzima kabisa, hana tatizo lolote, kwetu hakuna magonjwa ya ajabu, ni binti mwenye nguvu, na paka ni wa kuchezea tu, asihofu. Mama akasikiliza vizuri. Akasema ahsante kwa kumwambia. Akaandika kitu.

Matumaini alikuwa ananikonyeza. Nikadhani ananisifia Kiingereza.

Barabarani nilikuwa nimefurahi. Nimeongea na mkubwa bila mkalimani!


Jumanne, 23 Septemba

Mimi ni mjinga.

Clara kapata barua kutoka ofisi ya makazi. Kanisomea kwenye simu, sentensi moja moja, Kiingereza halafu Kiswahili. Ofisi imepata taarifa kutoka kwa mzazi kwamba mwanafunzi hana tatizo la afya na kwamba mnyama ni wa kuchezea. Mnyama wa kuchezea haruhusiwi bwenini. Kwa hiyo ruhusa inapitiwa upya. Afike Ijumaa saa nne aeleze. Asipoweza kuonyesha kwamba anamhitaji, paka aondoke siku hiyohiyo.

Yule mshauri aliyeandika barua kahamia jimbo lingine. Mpya kamwona Clara mara moja tu, anasema hawezi kumwandikia mtu asiyemfahamu.

Clara hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika. Aliuliza tu, "Baba, kwa nini ulisema hivyo?"

Nikamwambia, mwanangu, nilisalimiwa.

Ndiyo ukweli. Mtu kauliza mtoto anaendeleaje, nitasemaje? Kwetu baba yangu alikuwa anakata roho na mama bado anawaambia wageni hajambo, anaendelea vizuri. Na binti ndiyo kabisa. Ukisema binti ana maradhi ya akili, umemfungia mlango wa ndoa, na wa wadogo zake. Nilikuwa namlinda! Nimemlinda mpaka nimemharibia.

Kigen kasikia yote. Leo hakunitania. Hilo limenitisha kuliko barua.

Jioni kapiga Matumaini. Namba kapewa na Clara. "Papa, miye nilikukonyeza mpaka jicho likauma!" Nikasema nilidhani unanisifia. Akacheka, halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Kwetu vilevile, tunasema mutoto muzima ili batu batoke mulangoni. Hapa ukisema muzima, banaandika muzima." Anasema mkuu si mtu mbaya. Haruhusiwi kumuuliza Clara anaumwa nini. Ila mzazi kajileta mwenyewe kusema haumwi, hawezi kujifanya hakusikia. Dawa yake ni mimi. Ijumaa niende, nikae mbele yake, niseme nilichokiona mwezi wa tatu nilipomfuata Clara bwenini. Hakuna mwingine aliyeona.

Clara amekubali nije. Kasema, "Sema yote, Baba. Usinipambe."


Jumatano, 24 Septemba

Supavaiza kanipa ruhusa ya Ijumaa. Nimemwambia ni mambo ya familia. Kauliza, mjukuu? Ghala zima lilicheka. Nikacheka na mimi.

Kigen kanifundisha neno la Kiingereza la ugonjwa wa Clara. Refu kidogo, lakini ukilizoea linatoka kama jina la dawa ya malaria. Nimelisema kwenye foko mara hamsini. Halina uzito wowote mdomoni. Naweza kulisema siku nzima na kula juu yake.

Nikasema basi nimwambie Apolonia leo, nijaribu kwa Kiswahili kabla ya Ijumaa. Nikapiga. Akapokea akiwa shambani, kuku wanalia nyuma. Akaanza yeye: hamjambo huko? Hatujambo. Clara? Nikavuta pumzi. Nikasema Clara — halafu nikasema kawasalimu sana. Akasema naye msalimie. Tukaongea mnyauko wa migomba robo saa. Migomba naijulia kila ugonjwa, majani, shina, mizizi. Naeleza bila aibu.

Alipotaka kukata akauliza paka anakula nini. Nikamwambia chakula cha kopo. Akasema, "Hmm. Mtoto anaweka kopo mezani kwa ajili ya paka, na yeye mwenyewe anakula nini?" Nikakata simu nikisema mtandao mbaya.

Huyu mwanamke anajua kitu. Au anajua mimi najua.


Ijumaa, 26 Septemba

Naandika hapa bwenini, kwenye viti vya mapokezi. Saa nne kasoro robo. Kigen kaendesha gari, kasema nikiendesha mimi leo atakufa yeye bure. Kavaa koti la harusi. Kwa ajili ya paka! Sasa yuko nje kwenye maegesho, anaongea na simu, labda Eldoret wamepokea.

Clara yuko kiti cha pili. Kachana nywele. Senene yuko ndani ya kikapu kati yetu, kavaa ukanda mpya wa shingo, kama mshitakiwa aliyeambiwa avae vizuri.

Nilikuja na karatasi. Sentensi sita za Kiingereza, Kigen aliziandika jana, lile neno liko katikati. Nimeisoma njia nzima. Nilipofika nikamwonyesha Matumaini. Kaisoma, kanirudishia.

"Papa, hii ni karatasi ya internet. Haina mutoto ndani."

Kasema nimwachie. Kashaomba, mkuu kakubali, ataingia nasi kutafsiri. "Sema kwa Kiswahili yako ya kitabu. Miye nitabeba."

Kwanza nilifurahi. Halafu nikaogopa. Kwa Kiingereza ningesema neno la Kigen, wote tungeitikia kwa kichwa, nikaondoka sijasema kitu. Kwa Kiswahili kila neno najua linapouma. Na Clara atakuwa amekaa pale anasikiliza. Hajawahi kunisikia nikilisema. Mimi mwenyewe sijawahi.

Hata humu sijawahi. Nimerudi nyuma nikasoma kurasa za mwezi wa tatu. Nimeandika joto. Nimeandika foko namba saba ina breki mbovu. Nimeandika, "Nimekwenda Houston, Clara ana homa kidogo."

Haya. Niandike hapa kwanza, nione kama kalamu itapita.

Mwezi wa tatu nilifungua mlango nikamkuta mwanangu amekaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta. Mapazia yamefungwa, ni mchana. Nikamwita, hakugeuka. Nikamwita tena kwa jina la nyumbani, la utotoni, ndipo akanitazama. Nikalowesha taulo nikamnawisha uso, hakunizuia. Nikamuuliza una nini mwanangu. Akasema, "Baba, nimechoka kuwepo."

Mimi nikamwambia, utapona, kula ndizi.

Hivyo tu. Sikumuuliza tena. Nikarudi kazini keshoye nikaandika breki.

Mwanangu alikuwa anaumwa. Wiki ile paka alipokuwa kwangu, alianza tena kuumwa. Nilisema ni mzima kwa kuwa nilikuwa naona aibu. Si yeye aliyekuwa na aibu. Mimi.

Imepita. Mwandiko mbaya lakini imepita.

Clara kanichungulia daftari. Nikaliziba kwa mkono. Akasema, "Baba, nimeshasoma." Nikamwambia paka wako kanenepa. Akasema, ni samaki zako. Halafu akaegemeza kichwa begani kwangu, akakiacha hapo.

Mlango umefunguka. Mkuu na miwani yake. Matumaini anatuita kwa mkono, twende wote, na paka.

Clara kasimama wa kwanza. Mimi bado nimekaa, naandika. Kaning'ang'ania mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili ananivuta nitoke kwenye kiti, polepole, kama mgonjwa ni mimi!